Nani anakaa kwenye meza ya wakubwa?



Wengine wametuuliza: "Ninyi makalani, muna jambo gani na mikutano ya wakubwa kule Bruxelles na Arusha? Sisi tunataka habari ya mishahara, ya maji, ya umeme unaokatika." Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba shaba na kobalti tunazotoa hapa, bei yake haifanywi hapa, na sheria za biashara yake zinaandikwa mbali. Vita vya Kivu vinasemwa katika vyumba ambamo hatuingii. Hata ruhusa ya kushitaki serikali mbele ya tribinali ya inchi nyingi inatolewa au inafutwa katika vyumba vile vile. Basi afadhali tujue viti vya humo ni vya nani.

Jambo la leo ni moja. Inchi nyingi zinapofanya umoja, zinajenga nyumba juu ya nyumba zao. Nyumba ile inapata biro, makalani, tribinali, pengine na bunge. Siku ya kuifungua watu wanaambiwa kwamba ni nyumba ya wote. Lakini ufunguo unakaa mufukoni mwa nani? Sisi tunasema kwamba mwaka kwa mwaka ufunguo umeingia mifukoni mwa maraisi na mawaziri wa kwanza. Tutaanza na Ulaya, kwa sababu kule jambo hili limeendelea muda murefu, tena kwa sababu habari yake inaanza shimoni, kwa watu wanaotumika kama sisi.

Tarehe 9 Mei 1950, Robert Schuman, waziri wa mambo ya inchi za kigeni wa Ufaransa, alitangaza shauri lake: makala ya mawe na chuma cha Ufaransa na cha Ujerumani viwekwe chini ya mamlaka moja, ili inchi hizi mbili zisipate tena njia ya kufanya silaha kwa siri na kupigana. Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg wakaingia pamoja nao. Mukataba ulitiwa mukono Paris tarehe 18 Aprili 1951, na mwezi wa Agosti 1952 Mamlaka Kuu ikaanza kazi katika muji wa Luxembourg. Ilikuwa watu tisa tu, na mukubwa wao alikuwa Jean Monnet. Mukataba ulisema wazi kwamba watu hao tisa wasiombe wala wasipokee amri kwa serikali yo yote. Walikuwa na uwezo wa kutoza kodi juu ya makala na chuma wao wenyewe, bila kupita kwa waziri wa feza wa inchi yo yote.

Fikirini neno hili, wandugu. Kalani wa Luxembourg anaandikia kompani kubwa ya makala ya Ujerumani, na kompani inalipa. Halijapata kuonekana jambo la namna hii mbele ya siku zile.

Wakubwa wa inchi hawakupewa kiti katika nyumba ile. Mukataba haukutaja mukutano wao hata mara moja. Lakini inchi ndogo, na Uholanzi kupita zote, ziliogopa watu tisa wasiojibu kwa mutu. Zikaomba Baraza la Mawaziri liwekwe kando ya Mamlaka Kuu, liwe kama breki ya gari. Likawekwa. Kwa mulango ule mudogo serikali zilianza kurudi ndani.

Tena, mambo mengine hayakutoka kabisa mikononi mwao. Tarehe 8 Agosti 1956 moto uliwaka katika shimo la Bois du Cazier, kule Marcinelle, inchi ya Ubelgiji. Watu 262 walikufa chini ya udongo, na 136 kati yao walikuwa Waitalia, wageni walioletwa kwa mapatano ya serikali mbili, Italia inatoa watu na Ubelgiji inatoa makala. Mamlaka Kuu iliyosimamia makala yenyewe, bei yake na soko lake, haikupewa kusimamia usalama wa mutu anayeyachimba. Neno hilo serikali zilikuwa zimelishika. Sisi tunaosoma kila siku karatasi za tani na karatasi za ajali tunajua kwamba karatasi hizi mbili hazikai siku zote katika biro moja.

Sasa sikilizeni jambo linalotugusa sisi. Tarehe 19 na 20 Februari 1957, wakubwa wa serikali sita walikutana Paris, katika nyumba ya waziri wa kwanza wa Ufaransa. Mawaziri wao walikuwa wameshindwa kukata shauri moja: makoloni ya Afrika yaingie namna gani katika soko lile jipya? Wakubwa wakakata shauri wao wenyewe, kwa siku mbili. Wakaweka sanduku la feza la milioni 581, kwa hesabu iliyolingana na dola. Ufaransa na Ujerumani kila moja ilitoa milioni 200. Kwa makoloni ya Ufaransa zikapangwa milioni 511, na kwa Congo ya Wabelgiji pamoja na Ruanda-Urundi milioni 30. Tarehe 25 Machi 1957 Mukataba wa Roma ulitiwa mukono, na jina la inchi yetu lilikuwamo, katika karatasi ya nyuma yenye majina ya inchi zilizofungwa nao.

Nani wa kwetu aliulizwa? Hakuna. Uchaguzi wa kwanza wa mitaa ya muji, kule Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, ulifanyika Desemba 1957. Yaani siku Congo ilipoingizwa katika umoja wa Ulaya, hakuna Mukongomani aliyekuwa amepiga kura hata ya burgumestri wa mutaa wake. Hatusemi hili kwa kulia juu ya mambo ya kale. Tunalisema kwa sababu ni moja la mambo ya kwanza ambayo wakubwa wa Ulaya walikata pamoja mezani, na meza ile ilikuwa juu ya migongo yetu.

Nyuma ya hapo akaja Jenerali de Gaulle. Yeye hakupenda kabisa biro zinazoamuru Ufaransa. Kuanzia mwisho wa Juni 1965 alikataza mawaziri wake kwenda Bruxelles, na kiti cha Ufaransa kikakaa wazi mpaka Januari 1966. Wengine wakachoka. Wakapatana kule Luxembourg kwamba inchi ikisema jambo fulani linagusa faida yake kubwa sana, watasemezana mpaka wote wakubali, hata kama sheria inaruhusu kupiga kura na kuishinda. Maneno yale hayakuwa sheria. Lakini kwa miaka mingi yalifuatwa kupita sheria.

Mwaka 1974 Valéry Giscard d'Estaing aliongoza Ufaransa, na Helmut Schmidt aliongoza Ujerumani. Wote wawili walikuwa wamekuwa mawaziri wa feza, wakajuana. Desemba ile, Paris, wakakubaliana na wenzao kwamba wakubwa wa inchi watakutana mara tatu kila mwaka, si kwa bahati tena. Mukutano wa kwanza wa namna ile ulifanyika Dublin, Machi 1975. Jina lake likawa Baraza la Ulaya. (Iko Baraza jingine lenye jina karibu sawa, kule Strasbourg, ambalo ni chama kingine kabisa, na iko tena Baraza la Mawaziri. Wazungu hawakuwahurumia makalani.) Na jueni kwamba Jean Monnet, yule yule wa watu tisa, aliunga mukono shauri hili. Aliona kwamba bila wakubwa wenyewe mezani gari haliendi.

Katika mukutano ule ule wa Paris walikubali pia kwamba watu wa Ulaya wachague wenyewe wajumbe wa bunge lao, na kura ya kwanza ikapigwa Juni 1979. Kwa mukono mumoja wakawapa watu kura, kwa mukono wa pili wakachukua ufunguo.

Yaliyobaki yalikwenda polepole, kama maji yanavyoingia shimoni. Miaka zaidi ya kumi Baraza lile lilikuwa mazoea tu, bila kuandikwa katika mukataba wo wote. Mukataba wa 1986 ulilitaja. Ule wa Maastricht wa 1992 ulilipa kazi ya kuonyesha njia. Ule wa Lisbon, ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba 2009, ukalifanya kuwa chombo kamili cha Umoja, na kulipa mukubwa wake anayechaguliwa kwa miaka miwili na nusu, na anaweza kurudishwa mara moja. Wa kwanza alikuwa Mubelgiji, Herman Van Rompuy. Nyuma yake Donald Tusk wa Poland. Kisha Mubelgiji tena, Charles Michel. Na tangu Desemba 2024 António Costa wa Ureno.

Mukataba unasema Baraza hili halitungi sheria. Mutu anayesoma tu atafikiri kwamba basi ni mahali pa kunywa kahawa. Lakini ninyi munajua kompani. Baraza la wenye hisa halishiki sururu, halijui hata jina la kapita. Lakini likisema shimo hili lifungwe na lile lifunguliwe, injinieri anafanya ramani, kapita anapanga watu, na sisi tunaandika majina. Ni vivyo hivyo.

Na chumba chao ni cha namna gani? Wanaingia wakubwa 27, mukubwa wa Baraza na mukubwa wa Komisyoni. Washauri wanabaki inje. Maneno yote hayaandikwi kwa kuchapishwa. Kalani anayesikiliza ndani anatoka mara kwa mara, anawaeleza wajumbe wa inchi waliokaa katika chumba kingine, nao wanaandika mbio, kila mumoja kwa lugha yake na kwa sikio lake. Watu wanaita karatasi zile kwa jina la Muitalia mumoja, Antici. Wakimaliza, wanatoa karatasi inayoitwa maazimio. Nani alikataa, nani alibembelezwa, nani alipewa nini usiku ule, raia hapati kusoma. Sisi tuliosoma shule ya misheni tulifundishwa kwamba mukutano usio na kitabu cha maneno haujafanyika. Kumbe iko mikutano mikubwa sana ambayo haijafanyika!

Kwa nini uwezo ule umekua? Hatufikiri kwamba ni tamaa tu. Siku za makala, kazi ilikuwa bei na tani, mambo ambayo watu tisa wenye akili wanaweza kuyapima. Kisha Umoja ukaingia katika feza yenyewe, mipaka, wakimbizi, silaha. Mambo hayo ni moyo wa kila serikali, na ni serikali inayoanguka kama yakiharibika. Tena hatari ikija usiku, ni nani anaweza kusema "inchi yangu italipa"? Kalani wa Komisyoni hawezi. Waziri anaogopa. Ni mukubwa peke yake, na yeye tena anafikiri juu ya uchaguzi unaokuja.

Tuangalie Ugiriki. Inchi ile ilishindwa kulipa deni zake. Tarehe 5 Julai 2015 watu wake waliulizwa kwa kura kama wanakubali masharti ya wakopeshaji. Wengi, 61 kwa mia, wakasema hapana. Tarehe 12 na 13 Julai wakubwa wa inchi zinazotumia feza ya euro walikaa Bruxelles saa 17, usiku kucha, na waziri wa kwanza wa Ugiriki, Alexis Tsipras, akatoka asubuhi amekubali masharti makali. Watu wa inchi yake walikuwa wamesema hapana siku nane tu mbele. Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Wale wakubwa wengine nao walichaguliwa na watu wao, na watu wao walisema feza yetu isipotee. Kura ya Athens ilikutana na kura ya Berlin na ya Helsinki. Lakini zilikutana wapi? Hazikukutana mbele ya bunge la wote, ambapo mutu wa Athens angeweza kusikia kwa masikio yake maneno yanayomuhukumu. Zilikutana katika chumba kilichofungwa, na mwenye feza nyingi alisema kwa sauti kubwa.

Mwaka 2019 ikawa zamu ya Komisyoni. Vyama vya bunge la Ulaya vilitangaza mbele ya uchaguzi ni nani watamuomba awe mukubwa wake, ili mutu anapopiga kura ajue. Kura zikapigwa. Wakubwa wakakaa siku tatu, wakaacha majina yale yote, wakamutoa Ursula von der Leyen, ambaye jina lake halikuwa limesimama mbele ya wachaguzi kwa kazi ile. Bunge likamukubali kwa kura 383; alihitaji 374. Kura tisa tu zilizidi. Mutu angeweza kusema bunge lilikuwa karibu kukataa. Sisi tunaona kwamba mwisho lilikubali.

Na mwaka 2020, siku za ugonjwa wa korona, walikaa kuanzia tarehe 17 mpaka 21 Julai, wakatoka na euro miliari 750 za kukopa pamoja: miliari 390 za kupewa bure, miliari 360 za mukopo. Lilikuwa jambo kubwa, na lilisaidia watu. Tusikatae kusema ukweli. Mezani walikuwa wametaka kwanza miliari 500 za bure. Inchi nne, Uholanzi, Austria, Denmark na Uswidi, zikakaza mukono, na zikapata kupunguziwa muzigo wao. Mutu mumoja akikaza mukono mezani, 26 wengine wanangoja.

Ndiyo ubaya wa meza ile ukiangaliwa kutoka upande wa pili: karibu kila jambo linataka wote wakubali. Desemba 2023 walitaka kufungua mazungumzo ya kuingiza Ukraine. Viktor Orbán wa Hungaria alikataa. Basi wakapatana kwamba atoke chumbani kidogo, na alipokuwa inje wale 26 wakakata shauri. Alirudi, akazuia euro miliari 50 za kusaidia inchi ile mpaka tarehe 1 Februari 2024. Umoja wa watu zaidi ya milioni 440 uliendeshwa kwa kumuomba mutu mumoja atoke inje. Tungeambiwa kwamba wazee wa kijiji fulani wamefanya hivi, tungecheka.

Wandugu, hapa tunafika kwetu. Tarehe 26 Oktoba 2023 Umoja wa Ulaya ulitia mukono mapatano na Congo juu ya madini. Tarehe 19 Februari 2024 ukatia mengine na Rwanda. Kisha M23 wakaingia Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu Februari. Tarehe 13 Februari 2025 bunge la Ulaya, lile linalochaguliwa na watu, likapiga kura mapatano na Rwanda yasimamishwe: 443 walikubali, 4 walikataa. Tulipopata habari ile wengine walipiga makofi katika biro. Lakini kura ile ilikuwa maombi tu. Adhabu zinawekwa na serikali za inchi 27, wote pamoja. Mwisho wa Februari ziliposema juu ya adhabu, Luxembourg, inchi ndogo kuliko teritware ya Kipushi, iliomba wangoje kwanza mikutano ya Waafrika. Wakangoja. Adhabu zikatoka tarehe 17 Machi 2025, juu ya watu tisa na kiwanda kimoja cha kusafisha zahabu cha Kigali. Watu 443 waliochaguliwa walisema neno moja, na neno lao likangoja serikali moja.

Wengine watasema: hayo ni ya wazungu, sisi tuna vyama vyetu. Haya, tuangalie vyetu.

Congo iliingia SADC mwaka 1997. Umoja ule ulikuwa na tribinali Windhoek, ambayo mutu wa kawaida, akiisha kushindwa katika tribinali za inchi yake, aliweza kuiendea kushitaki serikali. Tarehe 28 Novemba 2008 tribinali ile ilimupa haki Mike Campbell, mukulima wa Zimbabwe aliyenyang'anywa shamba, ikasema serikali ya Zimbabwe imevunja mukataba. Serikali ikakataa kutii. Tribinali ikapeleka jambo kwa wakubwa, kama mukataba unavyosema. Na wakubwa walifanya nini? Agosti 2010 walisimamisha kazi yake. Agosti 2012, kule Maputo, wakakata kwamba tribinali mupya itasikiliza inchi na inchi tu. Agosti 2014 maneno hayo yakaandikwa katika mukataba mupya.

Mutasema: yule alikuwa muzungu mwenye shamba kubwa, na udongo ule ulikuwa umeibiwa zamani kwa mababu wa Zimbabwe. Ni kweli, habari ya udongo ule ni ndefu. Lakini mulango uliofungwa haukuwa wa Campbell peke yake. Ulikuwa mulango wa mutu wa Kolwezi anayevunjiwa nyumba kwa ajili ya shimo jipya, na wa mujane asiyelipwa. Mahakimu walihukumu serikali moja, na maraisi wote wakaona siku yao inaweza kufika. Hakuna bunge lililoulizwa kwanza. Kule Afrika ya Kusini wanasheria walikwenda tribinali ya katiba ya inchi yao, na Desemba 2018 ikasema Raisi Zuma alivunja katiba kwa kutia mukono mukataba ule. Mwaka 2019 serikali yao ikaondoa mukono. Basi inawezekana kumuuliza mukubwa alitia mukono kwa ruhusa ya nani.

Na umoja wa Afrika ya Mashariki tulioingia mwaka 2022? Ule wa kwanza, wa 1967, ulikuwa na reli moja, bandari, ndege, posta. Juu ya vyote walikaa watu watatu tu: maraisi wa Kenya, Uganda na Tanzania. Januari 1971 Idi Amin alimupindua Obote, na Nyerere akakataa kukaa meza moja naye. Kwa heshima yote, alikuwa na sababu. Lakini meza ilikuwa ya watatu, na wawili hawaonani, haikukutana tena. Mwaka 1977 nyumba yote ikaanguka, na watu wa reli na wa ndege wakatawanyika, wale ambao hawakuwa na ugomvi na mutu.

Umoja wa sasa ulijengwa kwa mukataba wa 1999, na mambo yamerekebishwa, lakini si yote. Mukutano wa Wakuu wa Inchi unakata mashauri kwa kupatana wote. Bunge la Arusha likipitisha sheria, kila raisi lazima aikubali. Mumoja akikataa mara ya pili, sheria inakufa. Tarehe 29 Januari 2025, Goma ikiwa imekwisha kuingiliwa, wakuu walikutana kwa simu ya picha, na raisi wetu hakuwamo. Tarehe 8 Februari wakakutana tena na wa SADC, kule Dar es Salaam. Maazimio tulisoma. Yaliyosemwa juu ya inchi yetu katika chumba, tutayajua siku gani?

Mambo mawili bado yako mikononi mwetu, na hatuyatumii. Kwanza, tribinali ya Arusha bado inasikiliza mutu mumoja. Sheria au tendo la serikali likivunja mukataba wa umoja ule, mukaaji wa inchi anaweza kushitaki, lakini ndani ya miezi miwili. Miezi miwili inakwisha mbio. Pili, katiba yetu ya 2006, kwa kifungu cha 214, inasema mikataba ya biashara, ya amani na ya vyama vya inchi nyingi haifungwi ila kwa sheria ya bunge. Kule Denmark, waziri anayekwenda Bruxelles kwa jambo kubwa anapita kwanza kwa kamati ya bunge lake, anaeleza atasema nini, na kama wengi wakikataa, hawezi kusema neno lile. Akirudi anaulizwa. Denmark ni inchi ndogo, na haijakosa kiti chake kwa kufanya hivyo.

Tumeandika barua kwa wajumbe wa bunge wa muji wetu. Haina matusi. Inauliza maneno matatu: ni mikataba gani juu ya madini na juu ya vita imetiwa mukono tangu 2022, na ni ipi imepita katika bunge, wajumbe tisa wa Congo katika bunge la Arusha ni nani, na watakuja kusema na watu lini, na mbele ya raisi kwenda mukutano wa wakuu, ni kamati gani inamusikiliza. Barua iko juu ya meza ile, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Anayejua kuandika atie jina lake, na asiyejua atie kidole, wino uko. Shifti ya usiku watie kwanza, kwa sababu kamyo yao inafika saa tatu.